Mchezo wa vita wenye kambi ndani: tuwaulize watoto kama watu wao wamekula

Ninyi jamaa munaotusoma kutoka kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, leo nawaomba ruhusa tuongee juu ya michezo ya video. Najua wengine watasema: watu wanatafuta shitingi ya kufunika nyumba, na huyu anatuletea habari ya michezo! Muwe na uvumilivu kidogo. Kuna mchezo ambao nusu yake ni vita na nusu yake ni kazi ya kambi, na mimi naona unatuhusu sana sisi watu wa Ituri.

Hapa Bunia kila mtu anajua vile vyumba vya michezo. Ni nyumba ya mbao au duka dogo, televizyo mbili au tatu, jenereta inalia nyuma, na vijana wanalipa franka kidogo kwa muda wanaocheza. Wengi wanacheza mpira. Wengine wanachagua michezo ya bunduki na mapanga, na wenye simu nzuri wanaichezea nyumbani mpaka betri inaisha. Wazazi wananung'unika. Wanasema mtoto anakula pesa ya sabuni pale, anakosa masomo, tena anajifunza kuua. Ndiyo maana mara kwa mara utasikia mtu anasema: serikali ifunge vyumba hivyo vyote.

Ninawaelewa wazazi hao. Lakini mawazo yangu ni mengine. Tukifunga chumba, kijana atacheza kwenye simu, gizani, bila mtu mzima karibu. Afadhali tuangalie ndani ya mchezo wenyewe, tuone ni nusu gani tunawaachia watoto waipende. Kwani nusu ya pili, ile ya kambi, ndiyo somo ambalo mkoa wetu haujalipatia heshima.

Mchezo ninaoutaja unaitwa Cult of the Lamb. Ulitoka mwezi wa Agosti 2022, na umetengenezwa na kampuni ndogo ya Australia yenye jina Massive Monster. Unaendesha mwana-kondoo ambaye walitaka kumchinja sadaka. Mungu mmoja aliyefungwa minyororo anamuokoa, anamvika taji jekundu, na kumtuma aanzishe dhehebu kwa jina lake. Kuanzia hapo kazi zinakuwa mbili.

Kazi ya kwanza ni vita. Unaingia kwenye msitu na mapango yenye vyumba vingi, na kila mara vyumba vinabadilika, huwezi kukariri njia. Unapigana na maadui, unakusanya miti, mawe, mbegu na chakula, na unaokoa wale waliotekwa. Ukiuawa kule, unapoteza sehemu ya vitu ulivyokusanya.

Kazi ya pili inakungoja nyumbani. Wale uliowaokoa wanaishi kwenye kambi yako. Wanataka kula. Wanataka mahali pa kulala. Wanajisaidia, na usiposafisha, wanaanza kuugua. Akifa mmoja, lazima azikwe, kwani maiti ikibaki pale inaleta magonjwa. Wanazeeka. Wakiona unawadanganya au unawaacha na njaa, imani yao inashuka, na wengine wanaanza kukupinga mbele ya wenzao. Na jambo kubwa ni hili: wakati wewe uko pangoni unapigana, saa za kambi hazisimami. Unaweza kushinda vita vizuri kabisa, ukarudi na mzigo mgongoni, ukakuta nusu ya watu wako wanaumwa na sufuria iko tupu.

Nilikaa na vijana wawili wakicheza, na nikaona jambo. Kwenye vita walikuwa hodari, vidole vinakimbia kwenye maneti. Wakifika kambini walianza kuchoka. Mmoja akasema: «Hii ya kupika na kufagia vyoo ni ya kupoteza wakati, turudi kwenye mapigano.» Walirudi. Nyuma yao kambi ikaharibika, na vita vyenyewe vikawa vigumu, kwani bila watu wazima na wenye afya hakuna mtu wa kulima, wa kukata miti wala wa kujenga. Mwenyewe aliyetengeneza mchezo alipanga hivyo kwa kusudi: nguvu ya mpiganaji inatoka kwenye kambi.

Sasa tuje hapa kwetu. Hiyo sentensi ya yule kijana tumeisikia wapi? Ndiyo namna tunavyoongea Ituri tangu miaka mingi. Mtu akishika silaha tunajua jina lake, jina la kundi lake, na cheo alichojipatia. Radio zinamtaja, mimi pia nikiwa ndani. Akikaa kwenye mazungumzo ya amani anapewa kiti cha mbele. Lakini mama aliyepanga foleni ya bidoni kwenye bomba saa kumi za usiku, baba aliyechimba choo kwa ajili ya familia nane, kijana aliyeandika majina ya wagonjwa blok kwa blok ili mtu asisahauliwe, hao jina lao hatulijui. Tunawaita kwa jumla «wakimbizi», basi.

Ndani ya Ituri zaidi ya watu milioni moja wameacha nyumba zao kwa sababu ya vita. Wengine wako kwa jamaa, wengine kwenye kambi. Hapa mjini tuna Kigonze, iliyofunguliwa mwaka 2019 kwa ajili ya familia zilizokuwa zimejazana kwenye kambi iliyokuwa karibu na Hospitali Kuu. Mwenye kuingia pale atakuta kazi ile ile ninayoieleza: maji, chakula, mahali pa kulala, usafi, wagonjwa, mazishi, ugomvi wa majirani. Ni kazi ngumu kuliko kupiga risasi. Kupiga risasi mtu anafundishwa kwa siku chache. Kufanya watu maelfu, waliotoka vijiji mbalimbali na wenye uchungu wa kufiwa, waishi ukuta kwa ukuta bila kuuana na bila kipindupindu kuwamaliza, hiyo ni elimu. Na walio nayo ni ninyi munaotusikiliza.

Ndiyo maana sisemi mchezo huu ni mzuri tu. Una uongo ndani yake, na uongo huo lazima tuutaje.

Uongo wa kwanza ni kwamba kambi ina kichwa kimoja. Mchezaji peke yake anaamua nani ale, nani alime, nani afungwe. Hata anaweza kumtoa mfuasi wake sadaka ili apate nguvu, na mchezo unamlipa. Mchungaji au papa wa familia akiona mwana-kondoo anaongoza dhehebu la namna hiyo atashtuka, na ana sababu. Waliotengeneza walitaka kuchekesha na kutisha kidogo. Lakini kwa mtu wa Ituri hakuna kicheko pale. Sisi tumeona viongozi wanaokusanya vijana kwa maombi, kwa dawa na kwa ahadi, kisha wanawatuma mbele wafe. Tarehe 14 Machi 2012, Korti ya Kimataifa ya Jinai kule La Haye ilimkuta Thomas Lubanga na hatia ya kuandikisha watoto wenye umri chini ya miaka 15 na kuwatumia katika vita vya Ituri, mwaka 2002 na 2003. Ilikuwa hukumu ya kwanza kabisa ya korti hiyo, na ilihusu watoto wa kwetu. Kwa hiyo mtoto akicheza mchezo ambao kiongozi anawatumia wafuasi kama kuni, mtu mzima aliye karibu anapaswa kumuuliza: «Huyo uliyemtoa sadaka, mama yake angesema nini?»

Uongo wa pili ni kwamba kambi ni mahali pa kupona. Mchezaji akitoka pangoni na kufika kwake, anapumua. Vita vimebaki nje. Ninyi munajua haiko hivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 wakimbizi wa Plaine Savo, karibu na Bule, waliuawa ndani ya kambi yao, watu zaidi ya 50. Mwezi wa Juni 2023 ikawa Lala, watu zaidi ya 40. Sitaki kufungua vidonda. Ninasema tu kwamba mtu akisema «kambi» akiwa mbali, anafikiri mahali penye ulinzi, na sisi tunapaswa kumuambia ukweli: kwetu kambi pia ilikuwa pango.

Kuna mchezo mwingine uliokaribia ukweli zaidi. Unaitwa This War of Mine, umetengenezwa Poland mwaka 2014, na waliouandika waliangalia mji wa Sarajevo uliozingirwa tangu 1992 mpaka 1996. Huko huendeshi askari. Unachunga raia wachache ndani ya nyumba iliyobomoka. Mchana hamutoki kwa sababu ya wapiga risasi wa mbali. Munapika, munachuja maji, munatengeneza kitanda na jiko. Usiku mmoja anatoka kutafuta dawa na chakula. Akiiba kwa wazee ili watu wake waishi, anarudi na huzuni, halali, hali, na wengine wanakata tamaa kabisa. Mwaka 2020 waziri mkuu wa Poland alitangaza kwamba mchezo huo utaingia kwenye orodha ya vitu ambavyo wanafunzi wa sekondari wanaweza kusoma shuleni. Nchi iliyoonja vita vikubwa iliona kwamba mchezo unaweza kukaa kando ya kitabu. Kwa nini sisi tuone mchezo ni upuuzi tu?

Huzuni hiyo inanileta kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kuna mchezo wa tatu wa aina hii, Darkest Dungeon, wa kampuni ya Canada, uliotoka kamili mwaka 2016. Unatuma watu wanne pangoni, na kila mmoja, mbali na majeraha ya mwili, anabeba mzigo wa mawazo unaohesabiwa. Ukifika juu sana, anavunjika: anawatukana wenzake, anaogopa, anakataa amri. Hata akitoka mzima wa mwili, lazima apumzike mjini, mahali pa kusali au pa kunywa na wenzake au pa kutibiwa, kabla ya kutumwa tena. Ukimrudisha haraka, atawaangamiza wote.

Hapa Ituri tuna programu ya serikali ya kunyang'anya silaha na kurudisha wapiganaji kwenye maisha ya raia, ile P-DDRCS iliyoanzishwa mwaka 2021. Kila mara viongozi wanawaambia vijana: tokeni porini. Ni neno zuri, na mimi nalitangaza kwa moyo wote. Lakini kijana anatoka porini anaenda wapi? Kama kijiji chake kimechomwa, kama shamba lake liko mahali hawezi kukanyaga, kama jirani anamuogopa na yeye mwenyewe halali usiku, kama hakuna kazi wala mtu wa kumsikiliza, amefika kwenye kambi iliyo tupu. Mchezaji yeyote wa miaka 15 atakuambia matokeo yake: atarudi pangoni. Silaha tunaihesabu. Vitanda, majembe, madarasa, na watu wa kusikiliza walioumizwa moyoni hatuvihesabu kwa bidii ile ile. Na wale raia walioumizwa nao je, wanaoishi chini ya shitingi miaka na miaka, wakiona aliyeshika silaha anapewa kitu na wao hawapati? Hapo ndipo chuki mpya inazaliwa. Nusu ya kambi tumeiruka.

Mtu atanijibu: ndugu mwandishi, umekuza mambo. Mchezo ni mchezo, umetengenezwa na watu wa mbali kwa ajili ya pesa, na mtoto wa Kigonze hana hata pahali pa kuchaji simu. Ni kweli, wengi hawana. Lakini msikilizeni huyu jirani yetu. Lual Mayen ni mtoto wa Sudani Kusini aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi kaskazini ya Uganda, upande ule ule ambao ndugu zetu wengi wa Mahagi na Aru wanavukia. Mama yake aliweka akiba miaka 3 mpaka akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kule kambini hakukuwa na umeme wa kuichaji, ikabidi kijana atembee kwa miguu masaa mengi kufikia mahali pa kuchaji. Akajifundisha mwenyewe, akaunda mchezo akauita Salaam, maana yake amani. Ndani yake mchezaji ni mtu anayekimbia vita, anayetafuta maji, chakula na dawa ili aishi. Mwaka 2018 alipewa heshima kule Marekani kwenye sherehe kubwa ya tuzo za michezo ya video. Yeye hakungoja watu wa mbali waeleze maisha ya kambi. Aliyaeleza mwenyewe, na mama yake aliona kompyuta si upuuzi.

Basi, ninapendekeza nini?

Kwa wazazi: mtoto akicheza, msimkaripie tu kutoka mlangoni. Mkae naye dakika kumi. Msimuulize ameua wangapi. Mumuulize: watu wako wamekula? Wanalala wapi? Nani anaugua, na kwa sababu gani? Mutaona anaanza kufikiri, na mutaona pia kwamba ninyi munajua majibu kuliko yeye. Mama aliyechunga watoto sita kwenye kambi anaweza kumfundisha mchezaji yeyote namna ya kugawa kilo tano za unga wa mihogo. Mtoto akijua hivyo, heshima inarudi nyumbani.

Kwa wenye vyumba vya michezo: saa za masomo msipokee mwanafunzi. Michezo yenye damu msiwape watoto wadogo. Na ubaoni, pale munapoandika matokeo ya mpira, muweke siku moja pia mashindano ya nani amechunga kambi yake vizuri, hakuna mfuasi aliyekufa njaa. Vijana wanapenda ushindi. Tuwape ushindi wa namna ingine.

Kwa viongozi na mashirika yanayoshughulikia kambi: vijana wapewe viti vya kweli kwenye kamati, kwenye maji, usafi, orodha za chakula na ulinzi wa wanawake. Isiwe kazi ya kubeba mizigo tu siku ya ugawaji. Kijana asiyepewa kitu cha kuchunga, mwingine atakuja kumpa kitu cha kuharibu. Na kwenye mazungumzo ya amani, kwa kila kiti cha aliyeshika silaha, muweke kiti cha aliyechunga watu. Ana hesabu ya vita anayoijua vizuri, kwani ni yeye anayeilipa kila asubuhi.

Na ninyi vijana munaosoma informatike hapa mjini, nawapa deni. Tengenezeni mchezo wa kwetu. Usiwe na mfalme wa kutoa watu sadaka. Uwe na blok, bomba la maji, mvua inayokuja juu ya shitingi, kamati yenye watu watano wasiokubaliana, na barabara ya kurudi kijijini ambayo siku moja inafunguka na siku ingine inafungwa. Anayeshinda awe yule aliyefikisha watu wake nyumbani wazima. Mukiutengeneza, mimi nitakuwa wa kwanza kuutangaza.

Kwa sasa, kijana anayenisoma hapa Lumumba, Nyakasanza, Mudzipela ao Kigonze, fanya jambo moja. Leo jioni, kabla ya kuwasha mchezo wako, chukua bidoni, nenda bombani, umpunguzie mama yako safari moja. Kambi ya kweli iko pale, na saa zake hazisimami wakati wewe unapigana.